Pini Mbili za Gari la Yeremia

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ugonile, Mama. Kama barua hii imekukuta umeketi, usiinuke, maana ni ndefu na miguu yako naijua. Je, ule uvimbe umepungua? Umeacha kujitwika mikungu ya ndizi, au bado unashindana na wasichana? Mimi huku ni mzima wa mwili. Atupele ameota meno mawili ya chini, na akicheka ni wewe kabisa, ila watu wa huku hawajui kwamba wanachekewa na mama yangu.

Mdogo wangu Subilaga, wewe unayemsomea Mama, soma polepole wala usiruke neno. Mahali nitakapoandika "Subilaga, hapa", watoe watu nje kwanza, mbaki wawili.

Mama, barua yako niliipata. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, lile gari la mume wangu Yeremia limefikia wapi. La pili, kama Yeremia anaondoka, mimi nitarudi lini Rungwe na mtoto. Yote nitayajibu, lakini niache nianze mwanzo, maana ukisikia mwisho peke yake utamlaumu asiyestahili.

Gari lenyewe si la kutamanisha. Lilikuwa la Mzungu wa tumbaku kule Sikonge, ambaye Yeremia alimwendeshea lori tangu tulipotoka Rungwe. Alipofunga mizigo yake kurudi Ulaya alimwambia Yeremia, lile kuukuu lililo bandani, ukiweza kulitoa ni lako. Kuku walikuwa wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Tukalivuta kwa ng'ombe wanne, siku tatu njiani, na tulipoingia Ng'ambo watu walitoka nje kutazama. Mmoja akasema, "Yeremia, hilo gari linatumia mafuta au mjeledi?" Yeremia akamjibu, "Linatumia subira, na wewe huna." Siku hizo alikuwa akicheka sana.

Juma la pili injini ikawaka. Ikakohoa moshi mweusi, ikazima, ikawaka tena ikatulia. Mimi nikafikiri kazi imekwisha. Yeremia akanishika mkono akanipeleka mbele, akaninamisha. Alinionyesha kwamba kila gurudumu la mbele linageukia kwenye pini moja nene iliyosimama, kama mlango unavyogeukia bawaba. Pini zote mbili zilikuwa zimelika. Ukishika gurudumu linachezacheza kama jino la mzee. Halafu kuna fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja usukani ukizungushwa, na ile fimbo haikuwepo kabisa. Na springi ya kushoto ilikuwa imevunjika bamba lake kubwa, gari limeinama upande kama mtu aliyebeba mtungi. Akasema, "Mama Atupele, roho linayo. Halina shingo."

Najua utasema, gari la nini, mbona wengine wanaishi kwa jembe. Mama, nia yetu ilikuwa moja tu. Akiwa na gari, Yeremia angebeba nta na asali na tumbaku kutoka Sikonge hadi stesheni, na angelala nyumbani kwake. Asipokuwa nalo, hakuna kazi ya dereva hapa tangu yule Mzungu aondoke, na wale wanaoandikisha watu wa mkonge wanapita kila mwezi. Wenzake wengi wameshapanda treni. Wanasema mkataba mfupi, miezi tu. Sasa wewe na mimi tunaujua huo mkataba mfupi. Baba aliposhuka kwenda kwenye migodi ya kusini nilikuwa mtoto mdogo, Subilaga bado yuko tumboni, na nimeolewa hajarudi. Nilimwambia Yeremia siku ya kwanza alipolitaja neno mkonge, nikasema, nitakushikia taa, nitakufulia ovaroli, nitakula mlenda mwaka mzima, ila huko usiende. Akasema, "Basi tuombe Mungu gari lipite."

Kupita ni kwa mkaguzi wa magari pale boma. Bila karatasi yake huruhusiwi kubeba mzigo wa mtu.

Yeremia akaanza kutafuta. Mwenye duka la spea, Mhindi mmoja mpole, alivaa miwani akaipeleka ile pini kuukuu dirishani penye mwanga.

"Yeremia, gari la namna hii waliacha kulitengeneza wewe hujaota ndevu."

"Basi niandikie Dar es Salaam."

Akaandika. Jibu likaja baada ya majuma sita, kwamba hakuna, na kwamba msijisumbue kuuliza Nairobi, maana nao wamemaliza zamani. Mtu mwingine akampa pini ya gari la aina nyingine. Ilikuwa nene. Yeremia aliisugua kwa tupa siku mbili mpaka viganja vikatoka malengelenge, ikaishia kuwa nyembamba huku na nene kule kama muhogo. Aliitupa uani, akakaa juu ya ndoo. Nikamletea maji ya kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko uchafu ulivyotaka.

Ndipo baba yake akasema atazifua yeye.

Huyu baba mkwe wangu, jina lake silitaji hata kwa kalamu, kama ulivyonifunda, ni mfua majembe. Majembe yake yanalima mpaka Nzega. Lile bamba la springi alilitoa kwenye lori bovu la jirani, akalipasha moto, akalikunja upya, likakaa vizuri. Kwa pini akapata kipande cha ekseli ngumu. Ndani ya matundu zinamokaa pini Yeremia akatia vikombe vya mpingo, alivyovichonga mwenyewe na kuvichemsha kwenye nta ya Sikonge ili visikwaruze. Nta haikusafishwa vizuri, bado ilikuwa na asali, na nyuki wakaja wakalizunguka gurudumu siku nzima. Mama Zuhura, jirani yangu, akasema sasa hata wezi hawatalisogelea. Tulicheka.

Subilaga, hapa.

Mama, wewe ulinifundisha kwamba baba mkwe hatazamwi usoni, hatajwi jina, hasemeshwi, na ukisikia anakuja unapita nyuma ya nyumba. Wanyamwezi wana heshima yao, lakini si kama yetu, na huku wananicheka. Mama Zuhura huniuliza, "Mnyakyusa, huyo mkwe wako ni simba?" Mimi sikuacha. Na yeye mzee alinisaidia kuishika. Kabla ya kutoka nje alikuwa anakohoa mara mbili ili nipate kujificha. Chakula naweka kizingitini, nabisha, naondoka. Miaka miwili tumeishi hivyo ua mmoja, wala hatujawahi kusalimiana.

Basi asubuhi moja akaja mnunuzi wa ng'ombe akamwambia Yeremia kwamba Igunga, kwa mama mmoja mfugaji, liko gari kama lake limekufa. Limeshakatwakatwa, springi zimegeuzwa mapanga, lakini fimbo ya chuma ya mbele bado ipo. Yeremia akaruka juu ya baiskeli saa ileile, kabla na yenyewe haijawa panga. Baba yake alikuwa ameamkia Ntalikwa kufuata mkaa. Yeremia akanigeukia, mguu mmoja umeshakanyaga pedali.

"Baba akirudi atazimalizia zile pini. Mwambie asizitumbukize kwenye maji kama jembe. Fundi mmoja wa karakana ya reli amenikanya sana. Azifukie kwenye majivu zipoe polepole, la sivyo zitakuwa ngumu kama chupa, na zitakatika kama chupa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utamwambia?"

Nikasema nitamfikishia. Nilikuwa nafikiri nitamtuma Mama Zuhura, kama kawaida yangu. Nikaenda kwake, nikakuta mlango umefungwa, ameenda msibani. Nikarudi. Nikangoja mtu yeyote apite njiani. Mzee akarudi na mkaa, nikasikia mivukuto inaanza kupuliza moto. Nikamfunga Atupele mgongoni nikaenda nikasimama nyuma ya ua wa mabua, upande wa karakana yake. Nilisikia nyundo. Nilichungulia nikaona mgongo wake na pini ikiwa nyekundu kwenye koleo.

Mama, maneno yalikuwa mdomoni. "Baba, majivu." Ni maneno mawili tu, mtoto wa miaka mitatu angeyasema. Nilifungua kinywa mara mbili. Nikakuona wewe siku ile ya kunifunda, ulivyonishika kidevu. Nikasema moyoni, labda ataweka kwenye majivu mwenyewe, ni fundi, anajua kuliko mimi. Halafu nikasikia chuma kinalia ndani ya maji. Akatoa ya pili, nayo ikalia. Nikaondoka nikaenda kupepeta mtama.

Yeremia alirudi siku ya tano, vumbi mpaka kwenye kope, fimbo imefungwa kwenye baiskeli. Alikuwa na furaha hata hakunawa kwanza. Alituigizia yule mama wa Igunga. Fimbo ilikuwa komeo la zizi lake.

"Nikamwambia, mama, naomba hiki chuma. Akasema, na fisi nimwambie nini? Nikamwambia, mwambie Yeremia amechukua. Akasema, basi kata gogo uniwekee komeo lingine, nikiridhika uende. Nimekata magogo matatu, Mama Atupele. La kwanza jembamba, la pili limepinda. La tatu akalipiga teke, akasema, haya, chukua takataka zako."

Kisha akaniuliza, akiwa anakunywa uji, "Baba ulimfikishia?"

Nikasema, "Nilimpelekea habari."

Hilo ndilo neno nililosema. Sijui lilitoka wapi.

Waliyafunga yote siku tatu. Gari likasimama sawa, magurudumu yakageuka pamoja, kulia na kushoto, kama vichwa vya ng'ombe wa jozi. Ng'ambo nzima ilikuja kushika usukani. Asubuhi ya kwenda boma Yeremia alivaa shati lake la arusi. Baba yake akapanda pembeni yake, maana kazi ya mikono yake ilikuwa inakwenda kutazamwa na serikali. Nyuma Yeremia alikuwa ametandika mkeka. Akaniita, "Njoo na mtoto. Leo pita mjini kama mke wa bwana."

Mimi nikasema mtoto ana homa.

Atupele hakuwa na homa, Mama. Alikuwa anapiga makofi. Nilimzuia mtoto asipande, na mume wangu nikamwacha aende. Hili sijamwambia mtu mpaka leo, na ndilo linaloniamsha usiku.

Hawakufika mbali. Pale barabara inaposhuka kabla ya soko, pini ya kushoto ilikatika. Gurudumu likalala chini, gari likajitupa mtaroni. Yeremia aliumia bega kidogo. Mzee alirushwa, akaangukia mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika juu ya kiganja. Daktari wa hospitali amefunga, anasema utaunga, ila nyundo nzito asahau. Mkaguzi alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka boma. Hakukaripia. Aliokota kipande cha pini, akamwonyesha Yeremia palipokatika, pameng'aa kama chumvi ya mawe. Akasema gari hili litapita siku litakapofungwa pini za kiwandani. Yeremia akasema kiwanda kimeacha. Mkaguzi akasema, "Basi na wewe acha."

Usiku ule hawakulaumiana. Asubuhi mzee alimwita Yeremia, mimi nikiwa jikoni nasikia. Akasema, "Ni mimi, mwanangu. Nilizitia maji. Nimezoea majembe." Yeremia hakumwuliza kama aliambiwa. Alinitazama mlangoni pa jiko, akatazama chini. Nafikiri alijua saa ileile, lakini alinipa nafasi niseme mwenyewe. Nami sikuitumia.

Mkono wa mzee ndio ulikuwa unatulisha, gari lilipokuwa linatengenezwa. Bila mkono na bila gari, Yeremia alijiandikisha Ijumaa. Kwenye karatasi waliandika mkonge, Tanga.

Nilimwambia siku ya kuondoka, stesheni, kati ya watu. Nilichelewa mpaka pale. Nikasema, "Baba hakuambiwa. Nilisimama nyuma ya ua nikaona haya." Alikuwa ameshika kibunda chake. Akaniuliza jambo moja tu.

"Na homa ya mtoto?"

Nikakaza kanga ya mtoto mgongoni.

Akapanda. Alikaa dirishani, akanyoosha mkono akashika mguu wa Atupele, akaushika tu, mpaka treni ilipoanza kusogea na kuuvuta mkono wake. Mimi hakunipa mkono. Wala hakunitukana, Mama. Ningependa angenitukana.

Subilaga, unaweza kuwaita watu sasa. Lakini kama Mama analia, waache kwanza.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mzee alikuwa amekaa barazani, mkono umening'inizwa shingoni. Aliponisikia akakohoa mara mbili, kama siku zote, akageukia ukuta. Nilipika ugali na kisamvu, nikaweka kizingitini, nikabisha, nikaenda kusimama nyuma ya mlango. Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Bakuli likateleza, tonge likaanguka vumbini. Akaliokota, akalipuliza.

Mama, nilitoka nje. Nilikwenda nikakaa mbele yake, nikaelekeza macho kwenye bakuli. Nikasema, "Baba." Aligutuka kama aliyemwagiwa maji. Nikasema, "Siku ile nilikuwa nyuma ya ua. Yeremia alinituma nikwambie majivu, mimi nikayameza maneno yake."

Aliweka tonge chini, akanijibu. Sauti yake ni nyembamba, sikujua, nilikuwa nimezoea kikohozi tu.

"Nilikuona miguu chini ya ua. Nikasema, mkwe wangu leo amekuja kutazama moto. Nikafurahi. Nikataka uone nilivyo hodari, ndiyo maana niliharakisha kuzitia majini."

Kisha akasema, "Sasa sogeza hilo bakuli, huu mkono hauijui njia ya mdomo."

Nikamkatia matonge. Alikula yote.

Hili ndilo jibu la swali lako la pili. Sitarudi, Mama, kwa sasa. Sina uso wa kumwacha mtu huyu ale vumbi, na mkono ule niliuvunja mimi. Najua nimevunja na lile ulilonifunda, nimemwita, nimekaa mbele yake, na jana nimemfunga kifungo cha shati. Uliza wazee wetu huko, na yule mama mchungaji pia muulize, nifanye nini ili jambo hili lisimfuate mtoto. Watakalosema nitalifanya.

Gari liko uani chini ya mabua. Kuku wameshaingia. Yule mama wa Igunga alituma mtu kuuliza kama tumemaliza na komeo lake, maana gogo linaliwa na mchwa. Nimemwambia aje alichukue. Siku hizi mzee hufungua vitabu vya mwenye duka la spea, picha za vyuma tu, hajui kusoma, huniwekea kidole kwenye picha akauliza hii inaandikwaje. Namsomea. Hakuna hata moja ya gari letu. Lakini anafungua ukurasa mwingine, na mimi nasoma, na kila tunapofungua nasema huenda.

Yeremia hajaandika. Treni ya pwani huleta barua mara mbili kwa juma, na karani wa posta ananijua kwa jina.

Msalimie shangazi mkubwa, yule mwenye shamba la kahawa mlimani. Msalimie mjomba mhunzi wa Kyimbila, umwambie hata mhunzi wa huku hupenda kukaa kimya kama yeye. Wasalimie akina mama wa kwaya, na mtoto mchanga wa binamu yetu ambaye sijamwona. Subilaga mdogo wangu, soma kwa bidii, na mtu akikutuma maneno, yaseme.

Neno langu la mwisho nalitaka lijibiwe kwa barua ijayo, hata kama mengine yote utayaacha. Mwaka ule wa kwanza Baba alipoondoka, Mama, jioni ulipokuwa ukifunga mlango, ulikuwa unatia komeo, au unaurudishia tu, ili akija usiku asibishe?

Mimi mwanao,
Tupokigwe, mama Atupele